Vistari Viwili

Ukimuuliza jirani yeyote pale mtaani Kawangware 46, Walubengo hufanya kazi gani, atakwambia ni fundi wa kompyuta, na kesho yake atampelekea simu iliyopasuka kioo. Kazi yake hasa ni kuandika maswali ya kuiuliza hifadhidata ya shirika moja linalofuatilia vituo vya maji: kipi kimefungwa, bomba lipi limekauka. Anaifanyia chumbani, kwenye meza ya chakula, na siku huisha hajasema neno ila "asante" kwa mama wa kioski. Sauti ile nzito, iliyokuwa nguzo ya kwaya kwao Bungoma, imekaa bure kooni.

Aliyemzungumzisha alikuwa mmoja tu, Magdaline, mwenzake aliyefanya kazi katika ofisi ndogo ya shirika hilohilo kule Laini Saba, kando ya reli. Wala si kwa simu. Katika maswali hayo, mashine ikikuta vistari viwili huyaruka maneno yanayofuata. Hayo ni ya watu, waelezane kazi. Magdaline aliyafanya baraza. Juu ya kila faili aliyomtumia aliandika:

-- Walu, umekula? Ama ni kuku ya jirani tena?

Naye akirudisha faili:

-- Kuku ilihama iliposikia kuna Mluhya. Wewe endelea na visamaki vyako vya omena.

Basi, hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake, na yalimtosha.

Tatizo lilianza kwa Muli, mkuu wao. Alilalamika kwamba kila mtu anaandika anavyotaka, huyu herufi kubwa, yule ndogo, mwingine anabana kila kitu kwenye mstari mmoja, hata swali lilelile likiandikwa na wawili halitambuliki. Walubengo akatunga dawa. Haikuwa na picha wala vitufe: unaandika "nyoosha" na jina la faili kwenye kidirisha cheusi, na nakala iliyonyooka inakwenda kwa wenzako. Faili yako ya asili inabaki kwako bila kuguswa, maana Walubengo ana adabu zake.

Vile vistari viwili tu ndivyo vilivyomsumbua. Kuyabakiza maneno mahali pake aliona ni kazi ya wiki nzima. Kuyafuta, mstari mmoja. Akayafuta. Magdaline ana namba yangu, alijiambia, akitaka kuongea atapiga. Mwanamume mzima anangoja apigiwe! Kwenye kundi la kazi aliandika: "Kuanzia leo kila script ya maswali ipitie nyoosha. Inasafisha." Inasafisha nini, hakusema.

Faili za Magdaline zikaanza kuja nadhifu na kimya. Simu haikulia. Ilimuuma, tena sana. Mara kwa mara alilitafuta jina la Magdaline kwenye simu, akalitazama, akaizima. Akaamua kwamba mwenzake amemchoka.

Kisha Muli akatangaza kwamba Magdaline anaacha kazi, anahamia Kisumu. Walubengo aende Laini Saba akachukue laptopu ya kazi. Alipiga pasi shati lake zuri, akaenda.

"Niaje, Walu," Magdaline alisema, hakutabasamu. "Kumbe uko hai."

"Niko. Sasa unaenda hivi tu, hata huniambii?"

"Nilikuuliza niende ama nikae. Ukanyamaza. Nikauliza tena. Nikasema sawa, hilo ni jibu."

"Uliniuliza wapi?"

"Si pale pale tunaongeanga?"

Walubengo alivuta kiti, akakaa. "Magda, nyoosha inatoa hayo maneno. Hayakunifikia."

"Lakini kwangu yapo!" Akamgeuzia laptopu. Yalikuwepo yote, faili baada ya faili, salamu zake na maswali yake, yakimngoja mtu. "Ulisema inasafisha, Walu. Kwani mimi nilikuwa uchafu?"

"Hapana. Ningekuambia ukae."

Magdaline alikuwa amesharudisha funguo za nyumba, mizigo imetangulia Kisumu na mdogo wake.

"Si ungeniambia tu," alisema taratibu, akaifunga laptopu na kumpa.

Jumatatu Walubengo aliikalia nyoosha mpaka ikajifunza kuyabakiza maneno. Ile kazi ya wiki nzima ilimchukua asubuhi moja.

Siku hizi faili za Laini Saba zinatoka kwa Billy, kijana mwenye bidii, ambaye hana la kumwambia mtu. Walubengo bado anazifungua kuanzia juu kabisa, pale palipokuwa na vistari viwili. Swali linaanza moja kwa moja. Saa nane mchana imepita, na hajala.