Zimwi Langu Kwenye Mnada wa Kanisa

Msinicheke kabla sijamaliza. Kwenye mashindano ya kadi za vita vya mazimwi, Neema, binti wa mchungaji wetu, alinitoa raundi ya kwanza. Nikarudi nyumbani, mtaa wa Daraja Mbili, nimenuna, nikachambua kadi zangu zote. Kali nikabaki nazo, mbovu nikazitia kwenye bahasha ya kwanza niliyoishika.

Jumapili nikabeba bahasha yangu ya sadaka, nikaitumbukiza kwa madaha, maana mimi ndiye mwalimu wa kwaya.

Baada ya ibada, kwenye mnada wa kuku na ndizi zilizotolewa sadaka, mzee wa kanisa akatoa kwenye bahasha ya sadaka kadi ya zimwi lenye vichwa vitatu, akaiinua.

"Bahasha ina jina la mwalimu. Tuanzie bei gani?"

Neema akadakia, "Mzee, hiyo hainunuliki. Ndiyo iliyomfanya nimfunge kwenye mashindano!"