Shibiri Nane za Baba Mdogo

Miaka ya sabini ilipoanza, vipimo vilituchanganya sote Nairobi. Ratili ikawa kilo, futi ikawa mita, na kila mtu akajifanya ameelewa. Jirani yetu alikwenda kununua kitambaa cha pazia mjini, akataja hesabu ya futi, muuzaji akamkatia mita. Pazia likashuka dirishani likatambaa hadi mlangoni. Baba yangu, aliyekuwa mpishi kwa tajiri mmoja wa Spring Valley, alicheka kuliko sote.

Kisha baba akafa, nami kicheko kikaniisha.

Ilibidi tumsafirishe Ukambani akazikwe, na sanduku tukaliagiza kwa fundi wa Kinoo. Nilikwenda mochari na utepe wa kupimia, nikampa baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Akanirudishia kwa hasira.

"Ndugu yangu si mbao," akasema. "Kwetu mtu hupimwa kwa mkono wa mtu wake."

Wazee wa kwetu walifanya hivyo kweli. Akatanua kiganja, akampima kwa shibiri, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kuanzia utosini mpaka nyayoni. Shibiri nane. Niliona ni ukaidi mtupu, lakini nani agombane mbele ya maiti? Dereva wa pikapu tuliyokodi akapeleka ujumbe Kinoo: shibiri nane, asipunguze wala asizidishe.

Sasa, baba mdogo alikuwa mpasua mawe, na kiganja chake kingefunika sahani. Fundi alikuwa mtu mdogo wa umbo, mikono yake kama ya mtoto wa shule. Naye akapima shibiri zake nane, kwa uaminifu wote.

Asubuhi ya safari fundi mwenyewe akalileta sanduku mochari, likashushwa, baba akalazwa ndani. Miguu yake ikaning'inia juu ya ubao wa mwisho, kama mtu aliyelala kwenye beseni. Baba mdogo na fundi wakaanza kutupiana maneno, kila mmoja akisema mwenzake hajui kuhesabu, hadi mhudumu wa mochari akawaambia walinganishe viganja. Vidole vya fundi viliishia katikati ya vidole vya baba mdogo. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Nilitaka kumzaba kofi, ila kicheko kilinikaba na mimi, nikajichukia.

"Hiyo si shida," mhudumu akasema. "Tunakunja magoti kidogo, tunafunga. Nani ataona?"

Gari lilikuwa linangoja, na nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Baba mdogo akatazama chini. Nikajua wanaume wamekubali.

Mama alikuwa ameketi kando. Akaja akasimama mbele ya sanduku.

"Huyu mtu amelala amejikunja miaka yote kwa ile nyumba ya boi huko kwa tajiri," akasema. "Kitanda inaanza kwa ukuta, inaisha kwa mlango. Leo hakunjwi."

Fundi akachukua msumeno garini, akang'oa ubao wa mwisho, akaunga upande wa miguuni kwa mbao za kreti kuukuu. Ilikuwa kazi mbaya, mbao za rangi mbili na misumari iliyopinda. Baba mdogo alimshikia mbao. Tulichelewa sana.

Kabla ya kufunika, mama aliingiza mkono chini ya shuka, akapapasa goti moja la baba, kisha la pili. Yalikuwa yamenyooka. Ndipo akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.