Mfalme Aliyepasuka Motoni

Udongo uliochimbwa karibuni kando ya ziwa una harufu ya mvua na ya samaki kwa pamoja, na kiangazi kile nyumba yetu ya Nundu ilinukia hivyo kuanzia mlangoni. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake viliuzwa mpaka soko la Baraka. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi, mwenye kichwa kigumu. Mwalimu wetu alituonyesha picha ya sanamu iliyoko Kinshasa: mfalme wa Ulaya aliyeongoza vita vya zamani, kofia ya chuma kichwani. Akasema kila mwanafunzi alete shujaa wa udongo siku ya kufunga shule. Shujaa atakayewapita wengine atawekwa juu ya meza ya mkurugenzi wa shule. Niliitaka meza ile kuliko chakula.

Udongo uwahi ungali maji, nami niliuwahi. Nilimfinyanga mfalme mnene, amejaa udongo mpaka ndani, maana niliona aibu mtu mkubwa kuwa mtupu. Siku ya kuchoma nikamficha katikati ya vyungu vya Bibi. Moto ulipokolea akapasuka kwa kishindo, akaondoka na vyungu vitatu. Nililia sana. Bibi aliokota kile kichwa chenye kofia, akakigeuzageuza, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mufalme wako hana tumbo," alisema. "Kitu ya kuingia mu moto tunaiachaka wazi ndani. Na weye, mutoto wa mufinyanzi, unasahau?"

Kisha akataka kujua mfalme huyo alifanya nini. Nikamweleza habari za vita. Akakiweka chini kile kichwa.

"Baba yangu alibeba masanduku ya ile vita, kutoka hapa ku ziwa mpaka Tabora. Alirudia na vidonda ku mabega. Mufinyange ye."

Tulimfinyanga pamoja siku mbili: mtu mwembamba, sanduku begani, ndani mtupu kama mtungi. Akatoka motoni mzima, mwekundu. Mkurugenzi alipouliza huyu ni mkubwa gani, nilijibu kwa sauti ya kufika barabarani kwamba ni baba wa bibi yangu. Akamweka mezani, na kifua changu kilijaa.

Mwaka huu nilifika Kinshasa, nikasimama mbele ya mfalme mwenyewe, mrefu kuliko nyumba yetu. Nilidhani ningejiona mdogo, sikujiona. Binti yangu aliuliza kama huyo ni mtu wetu.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Huyu ni ule tulibebea masanduku."