Debe la Kahawa Mbivu

Hivi mwanangu, ukinunua mashine unaangalia rangi, au unaipa kazi kwanza? Mimi niliangalia rangi. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Enzi hizo nilikuwa mama kijana hapahapa Ihanda. Kikundi chetu kikanituma kuchagua mashine ya kumenya kahawa. Darasa la tatu sikulimaliza, ila mdomo ninao, ndiyo maana wakanituma mimi. Fundi Nzunda, jirani yetu, alikuwa ameunda yake, nyeusi, alama za kuchomelea kila mahali. Nikamwambia, "Baba, hii umeichomelea au umeishona?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikaenda Tunduma nikachukua ya nje, nyekundu, inang'aa kama sahani ya harusi.

Wiki ya pili ya msimu, meno yakavunjika. Kipuri Tunduma hakuna, mpaka kiagizwe huko ilikotoka. Na kahawa mbivu haikusubiri, ukiilaza na maganda yake inachacha, mwaka mzima umepotea. Nikajitwisha debe la kahawa kwenda kwa Nzunda, aibu tupu. Akaimenya yote. Mwisho akasema, "Mama Tusa, kunicheka sawa. Ila mbona hukuja na kahawa hata kiganja, tukaijaribu?" Basi, hilo tu. Mpaka leo linaniwasha.

Sasa juzi kaja mjukuu wangu Neema, binti wa Tusa. Yuko kwenye manunuzi huko halmashauri, wanatafutia vikundi mashine za kumenya. Anasema serikali inataka kilichotengenezwa nchini kipewe nafasi kwanza. "Lakini bibi, za mafundi wetu hazina sura. Zikikorofisha, wakulima watanilaumu mimi." Nikamsimulia haya yote.

Na wewe mwanangu, sikia. Cha kwetu kianze, usikikatae kwa sura. Fundi unayeijua nyumba yake, mashine ikiharibika unamgongea mlango. Ila usinunue kwake kwa huruma. Ipe kazi mbele yake, ikishindwa airekebishe, vinginevyo atajifunzia wapi? Mungu akujalie macho ya kuona, na usione haya kuuliza.

Neema yeye, nilipomaliza kumsimulia, alinishika mkono akacheka. "Bibi, nakuahidi. Naanza na za mafundi wetu, na naenda na debe la kahawa mbivu kutoka shambani kwako. Ikipasua punje badala ya kutoa ganda tu, sisaini. Isipopasua, hata iwe nyeusi kama sufuria yako, naichukua."