Mtoto Asiye na Mjomba

Vitabu vile vilinuka siagi. Mjomba Saidi, kaka yake mama, alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza mmoja mjini Lindi, na kila mwisho wa mwezi lori lilipomshusha kwetu Rutamba alikuja na makombo ya mkate aliyoyafunga kwa kurasa za vitabu vilivyotupwa na watoto wa bwana wake. Mkate tuliula wote. Karatasi zilikuwa zangu. Zilikuwa hadithi za picha: shujaa mwenye joho na kifua kama pipa, na nyuma yake msaidizi wake, mtoto wa kaptura aliyeficha macho kwa kitambaa. Kiingereza sikukijua, lakini picha hazingoji mwalimu. Nilizibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa chumba cha mama, nikilala nazitazama.

Misimu mitatu ya ufuta ikapita. Kaptura yangu ikanibana, ya yule mtoto haikumbana. Ulipofika mwaka wangu wa jando, niliapa siendi, maana aliyetoka jandoni halali tena chumbani kwa mama yake. Kwetu mjomba ndiye humpeleka mpwa wake jandoni, basi nilimwuliza wangu, aliyekuwa akimenya muhogo, mbona yule wa ukutani hapelekwi.

“Hana mjomba,” akasema.

“Basi na mimi nisiwe naye.”

“Haya, mpwa wangu. Tafuta na wa kukuletea mkate.”

Mama alicheka. Mjomba aliitazama picha, akasema wenye kitabu ndio hawamwachi akue. “Akiota ndevu huyu mdogo, mkubwa si atakuwa mzee? Tena mwenye ndevu ataweza kusema, leo siendi. Mimi nina mvi, na mtoto wa miaka saba kule ananiita boi, yaani mvulana.”

Wiki ya jando ilipofika, bwana wa Lindi alikuwa na wageni, akamnyima mjomba ruhusa. Mjomba alivua aproni, akaikunja juu ya meza, akaja. Alinishika bega njia nzima hadi porini, nami nikaona haya kutoroka. Kazi hakurudishiwa, aliajiriwa boi mwingine, kijana, na vitabu vikakoma. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakumjua anayelelewa asikue.

Shule niliiacha mapema, nikazunguka: mashamba ya mkonge, meli, vibarua visivyo na jina. Juzi juzi, Tanga, nilimkuta yule mtoto wa picha kwenye meza ya vitabu vya mtumba, karatasi inang’aa, kaptura ileile. Nilikinusa kitabu, hakikunuka kitu.

“Shikamoo mzee. Unamjua huyo?” aliuliza kijana muuzaji.

“Marahaba. Ni rika langu.”

Alicheka, akanieleza kwamba wachapishaji huwa wanajaribu kumkuza, lakini wasomaji wakilalamika huletwa mwingine, mdogo, avae nguo zilezile. Magoti yalikuwa yakiniuma kwa kusimama. Mama na mjomba wamezikwa Rutamba, na ule ukuta ulishaanguka. Nilimtazama tena mwenzangu, kisha nikamrudisha mezani. Bado hajapata wa kumpeleka.