Shimo la Mama Jaribu

Sokoni kwetu, kwenye safu ya redio na pasi za mitumba, wauzaji karibu wote tulikuwa na imani moja: bidhaa haijaribiwi mpaka mteja awe ameshaipenda. Mwanamke wa meza ya jirani yangu alifanya kinyume. Ukimuuliza kama redio inaimba, hakujibu. Alikusogezea waya wa umeme akasema, "Jaribu mwenyewe. Chagua yoyote." Redio ikigoma, aliitupa chini ya meza mbele ya macho yako, bila aibu, akakwambia uchague nyingine. Tulimcheka sana, tukambandika jina la Mama Jaribu. Kicheko kilikwisha tulipoona wateja wanatupita sisi na tabasamu zetu, wanakwenda kupanga foleni kwake.

Mtu wa namna hiyo akifunga meza, ujue hajachoka. Ameona kitu.

Alichokiona ni mdogo wake, mhandisi mpole aliyeacha ajira ya uhakika akaanzisha kampuni yake ya teknolojia. Kampuni! Watu wawili, yeye na dada yake, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la kuchapisha fulana. Walikuwa wanatengeneza kifaa cha kusikiliza mabomba ya maji yanayovuja chini ya ardhi: fimbo ya chuma, kisanduku cha kukuza sauti na hedifoni. Wakakiita Sikio. Unagusisha fimbo barabarani. Maji yakichuruzika huko chini, unayasikia.

Fedha ya kazi ile ilitoka serikalini, kwenye mfuko wa utafiti wa kampuni ndogo. Mfuko una awamu mbili. Ya kwanza unathibitisha kwamba wazo lako si ndoto. Kisha inakuja kamati, inakupa mtihani, na ukifaulu unaingia ya pili, ambako unatengeneza mashine zenyewe. Usipofaulu, asante na kwaheri. Kwao kwaheri ilikuwa na maana moja: mdogo mtu arudi kuomba kazi, vyumba virudi kwa mwenyewe. Na meza ya Mama Jaribu sokoni ilikuwa imeshakaliwa na muuza miwani. Hakuwa na pa kurudi.

Hedifoni zao walizinunua kwangu, kwa hiyo niliingia pale mara nyingi nikaona walivyofanya kazi. Uani walikuwa wamefukia mabomba mchangani, kila bomba limetobolewa na lina koki yake. Mama Jaribu alimfungia mdogo wake nje, akafungua koki anayoitaka, kisha akamwita apite na Sikio aonyeshe maji yanatoka wapi. Siku nyingine hakufungua koki hata moja. Mhandisi anazunguka, anatokwa jasho, mwishowe anasema, "Nadhani ni hapa, dada."

"Hapo pakavu kama koo lako. Nadhani ya nini?"

"Dada, unanionea. Umefunga zote!"

"Mteja wako atakuwa na huruma? Kitu kikikuambia kimya, sema kimya. Kikisema uongo, kitupe chini ya meza uanze upya."

Vilivyotupwa chini ya meza vikajaa mpaka miguu ikakosa pa kukaa. Lakini Sikio la mwisho lilikuwa halina nadhani.

Siku ya mtihani ikafika. Nilikwenda, si kwa mapenzi, nilikwenda kujua kama bado nina wateja. Kamati ilikuwa imechagua mtaa wa mteremko, nyumba zimepangana pande zote mbili na bomba kubwa limepita katikati, linapandisha maji kutoka chini. Mahali fulani, bila kuwaambia, fundi bomba wa idara ya maji alikuwa amefukia tawi lenye tundu, koki yake ikiwa wazi. Sikio lilitakiwa kulipata. Basi.

Mhandisi akaanzia juu, akashuka akigusa barabara hatua kwa hatua, kamati nyuma yake kama waombolezaji. Huko juu akapita bila kusimama. Nikamwona fundi bomba akimkanyaga mwenzake mguu, nikaelewa: wameshapita penyewe. Chini kabisa, karibu na ukuta wa karakana ya magari, mhandisi akasimama. Akasikiliza. Akarudi nyuma, akasikiliza tena.

"Hapa," akasema.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mstaarabu wa tai na viatu vinavyong'aa, akapumua. "Pole sana, kijana wangu. Tulifukia kule juu, penye ule mlango wa kijani. Umepapita."

Mhandisi akageuka rangi. Mtu aliyelelewa na adabu akiambiwa na mzee kwamba amekosea, ulimi hutangulia kukubali. "Labda... nikirudia kule, mzee, huenda..."

"Funga mdomo," dada yake akamwambia, kwa upole. Akavaa hedifoni, akapanda hadi penye mlango wa kijani, akagusa, akasikiliza, akashuka. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Pale kwenu kimya. Hapa kuna maji. Tuchimbe."

"Mama, hatukuja kuchimba barabara. Tumeliona jibu."

"Mmeliona wapi, na ardhi imefunikwa? Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia, na nyinyi msiniuzie. Tuchimbe hapa. Pakiwa pakavu, nitafukia kwa mikono yangu, nitawapa mkono wa kwaheri, na awamu ya pili wapeni wengine."

"Dada!" mhandisi akalia.

"Nimesema funga mdomo."

Mwenyekiti akamtazama fundi bomba. Fundi akacheka. "Acha wachimbe, mzee. Mimi ndiye niliyefukia, najua nilipofukia."

Ikapigwa sururu. Udongo wa juu mkavu, wa chini mweusi, kisha sururu ikatoka inadondosha. Mchimbaji akashtuka, akaruka nje, na shimo likaanza kujaa maji nyuma yake. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka ubavuni, linamwaga kila kitu kwenye mtaro wa zamani uliopita chini ya karakana, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona hata unyevu.

Kicheko cha fundi kikakatika.

"Sasa tupande kwenye la kwenu," Mama Jaribu akasema.

Wakachimba penye mlango wa kijani. Tawi lilikuwepo, tundu lilikuwepo, koki imefunguliwa hadi mwisho. Maji hakuna, vumbi. Yote yalikuwa yanaishia kule chini kabla hayajapanda. Fundi alikuwa amefungua koki, akafukia, akaondoka bila kungoja kuona kama kinatoka kitu.

Mwenye mlango wa kijani akatoka na ndoo tupu. "Kumbe! Sisi tunaambiwa ni mgao! Tangu mwaka jana yanatoka usiku tu, nafua kama mchawi!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na mwenyekiti naye, mpaka tai ikaenda upande. "Mama, mmefaulu. Mmefaulu kuliko tulivyowapa mtihani. Awamu ya pili ni yenu."

Mhandisi akakaa chini barabarani, palepale, kwenye vumbi. Mtu mwingine angeanza kushukuru. Mama Jaribu akashika kiuno.

"Asante, mzee wangu. Sasa tuongee. Mashine za awamu ya pili tutazijaribia wapi, mchangani kwangu? Tunataka mabomba ya mji. Na zikifanya kazi, idara ya maji iwe mnunuzi wa kwanza."

"Hilo ni la mkuu wa idara, si langu. Njoo tulizungumze ofisini."

"Ofisini hakuna shimo."

Mwenyekiti akamwangalia, akaliangalia shimo, akatoa simu. Mkuu wa idara akaja, akasimama ukingoni na viatu vyake vizuri, mtaa umemzunguka na ndoo tupu. Alijaribu kusema habari za utaratibu. Mwenye mlango wa kijani akamuuliza utaratibu huo unafulia na nini. Kabla jua halijafika utosini alikuwa ameshakubali yote mawili, mbele ya mashahidi wasiopungua mtaa mzima. Ndipo Mama Jaribu akaruhusu bomba lizibwe, na mabomba ya majumbani yakakohoa, yakatema kutu, yakaanza kumwaga maji.

Mimi nikaona ndiyo wakati. Kampuni imepata awamu ya pili. Hedifoni zitahitajika nyingi. Nikamfuata nikiwa na bei mpya, iliyopanda. Tulibishana kuanzia shimo la juu hadi mwisho wa mteremko. Nilifika chini nimemuuzia kwa bei ya chini kuliko ya awali, na nikamshukuru.