Viatu Visivyo na Tope

Fundi viatu wa pale ukutani mwa posta hakuwa akimwamini mtu kabla ya kuziona soli zake. Uso, alisema, mtu anauosha kila asubuhi na kuupanga apendavyo, lakini soli haijui kujipanga. Kuna mteja aliyemwambia mkewe kwamba ameuzunguka mji mzima kwa miezi miwili akitafuta kazi, kisha akaleta viatu vyenye visigino kama vimetoka dukani jana. Fundi alivitia rangi, ila tangu siku hiyo akawa anamsalimu kwa sauti ya mtu anayejua mambo.

Hata mbio alizianza kwa kushuku. Miaka kumi na miwili nyuma, mteja mwingine alirudisha raba akidai soli imebanduka kwenye mbio za mlimani, katika mvua. Fundi hakukubali. Gundi yake kubanduka, yake yeye? Siku ya mvua iliyofuata alifunga kibanda, akavaa raba zilizogandishwa kwa gundi ileile na kupanda mlima ili arudi na ushahidi. Soli ilibanduka kabla hajafika nusu ya njia. Hilo hakumwambia mtu. Alichosimulia ni kwamba alishuka kwa kasi ambayo yeye mwenyewe hakuitegemea kwa mtu anayeshinda kwenye kigoda kutwa nzima, na mwaka uliofuata akajiandikisha.

Mbio zenyewe hufanyika mara moja kwa mwaka, na waandaaji huchagua kwa makusudi wiki ambayo mtu mwenye akili zake hata dirisha hafungui. Wakimbiaji hupanda mgongo wa mlima, huteremkia kwenye kinamasi, huvuka mto wenye maji ya kifuani, kisha humaliza na kilomita nane za barabara ya kokoto hadi uwanja wa shule. Katika mbio hizo fundi alikuwa ameshika nafasi ya pili mara sita mfululizo. Mtaani walimwita Wa Pili. Hata watoto wa jirani walimwamkia hivyo, kwa heshima zote: Shikamoo Wa Pili.

Mbele yake, mara zote sita, alikuwa mtu yuleyule, tena si mtu baki. Alikuwa mpima ardhi, kaka wa mkewe; shemeji yake, wa damu moja na anayempakulia chakula kila siku.

Shemeji huyu kila baada ya mbio alileta viatu vyake vishonwe, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Tope la kinamasi kile ni jeusi, na halitoki kwa maji ya mto. Linaingia kwenye mshono, kati ya ngozi na soli, na kukaa humo wiki nzima kama mgeni asiyeaga. Viatu vya fundi vilikuwa nalo. Viatu vya kila mkimbiaji vilikuwa nalo. Viatu vya shemeji vilikuwa na udongo mwekundu wa mlimani na vumbi la kokoto, basi.

Mwaka wa kwanza fundi alinyanyua nyusi. Mwaka wa pili alichukua kisu, akakwangua mshono na kutia kilichotoka kwenye kopo tupu la rangi ya viatu, akaandika mwaka juu ya kifuniko. Sasa makopo yalikuwa matano, yamepangwa nyuma ya chupa za gundi, na hakuna hata moja lenye chembe nyeusi.

Jibu alikuwa nalo. Kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambako kadi za wakimbiaji hutobolewa, hakuna jicho la mtu. Kuna kinamasi na ukungu tu. Na kuna barabara ya zamani ya machimbo, iliyofunikwa na majani, inayokizunguka kinamasi na kutokea mtoni. Nani angeijua barabara hiyo kama si mtu anayelipwa kutembea na ramani?

Alijaribu kumpeleleza mkewe kwa ustadi. Mkewe alikuwa mpiga pasi wa hospitali, mwanamke aliyezoea kuona mikunjo kabla haijatokea. Fundi aliuliza, kama mtu anayepitisha muda, siku hizi kaka yako anapima ardhi ya upande gani. Akajibiwa. Akauliza kama upande huo una barabara za zamani. Mkewe akaweka pasi wima.

"Baba Mapacha, sema unachotaka kusema."

Alisema hana analotaka kusema. Mkewe akamjulisha kwamba kaka yake hajawahi kuruka hata foleni ya maji, na kwamba mtu anayemshuku kaka yake anamshuku yeye, maana walilelewa na mama mmoja, kwa fimbo moja. Siku atakayosikia maneno hayo nje ya nyumba hii, ataenda kuishi kwa huyohuyo kaka, na fundi abaki na makopo yake. Fundi hakujua kama alikuwa ameyaona makopo. Akaanza kushuku hilo nalo.

Mwaka huu haukuwa wa kusubiri. Daktari alikuwa amemwambia kwamba goti lake la kulia lina mbio moja tu iliyobaki. Alikwenda kwa daktari wa pili, akaambiwa vilevile, akahisi wameshauriana. Kwa hiyo ama angekuwa wa kwanza safari hii, ama angezikwa na jina la Wa Pili.

Katibu wa mbio alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa filimbi na funguo shingoni. Baada ya ugomvi wa miaka ya nyuma alikuwa ameweka sanduku la malalamiko mezani pake uwanjani, pamoja na sheria mbili. Barua ikishaingia haitoki bila kusomwa, na sanduku linafunguliwa mbele ya watu mara tu mshindi anapokata utepe. Fundi aliandika barua yake siku tatu kabla. Jina la mtu hakulitaja, kwa ajili ya amani ya nyumbani. Kwake halikuhitajika hata hivyo. Baada ya miaka sita, neno mshindi lilikuwa jina la mtu mmoja. Aliandika: *Mshindi wa mbio hizi hapiti kinamasini. Tazameni mshono wa viatu vyake.* Gundi ya bahasha hakuiamini, akaifunga kwa yake na kuitumbukiza sandukuni.

Siku ya mbio mvua ilianza kabla ya filimbi. Juu ya mlima iligeuka mvua ya mawe, ikawapiga wakimbiaji vichwani kama wanaodaiwa, na waliokuja kwa ajili ya picha wakageuza njia mapema. Fundi hakukimbia mbio zake siku hiyo. Alikimbia nyuma ya shemeji, hatua sitini, akisimama shemeji akisimama na kuinama shemeji akigeuka. Wakatobolewa kadi kituo cha pili, wakaingia kwenye ukungu. Barabara ya machimbo ilipokaribia, shemeji akaacha njia na kupotelea nyuma ya jiwe kubwa.

Moyo wa fundi uliruka kwa furaha ambayo baadaye aliionea haya. Akanyata hadi kwenye jiwe na kuchungulia.

Shemeji alikuwa ameketi, anavua viatu. Alizifunga kamba zake pamoja, akavining'iniza shingoni, akasimama, na kuelekea kinamasini moja kwa moja, peku, kama mtu anayekwenda msalani kwake. Alipoingiza mguu wa kwanza ndipo alipogeuka na kuona kichwa cha fundi juu ya jiwe.

"Shemeji? Mbona umejificha?"

"Nimepumzika," alisema fundi. "Wewe mbona umevua viatu?"

Shemeji alimtazama kama anatazama ramani iliyoshikwa juu chini. "Si wewe ulinikataza? Ulisema gundi yako haipatani na tope jeusi. Kila mwaka ukinirudishia viatu unasema hivyohivyo."

Ni kweli alisema. Alimwambia kila mteja, tangu alipofundishwa kazi na mjomba wake: usitie kwenye maji, usitie kwenye tope, usianike juani. Maneno hayo husemwa ili soli ikibanduka kosa liwe la mwenye kiatu. Katika miaka ishirini na mitano haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu anayafuata. Yeye mwenyewe, aliyejua thamani ya maneno hayo, alikuwa akiingia kinamasini na viatu kila mwaka na kuving'oa kimoja kimoja kama anang'oa mihogo.

Hapo, kwenye ukingo wa tope, ndipo angeweza kusema yote. Alifungua mdomo. Maji ya mvua yakaingia, akaufunga. Akavua viatu vyake, akavining'iniza shingoni, akaingia.

Alichogundua kilimuuma kuliko baridi. Peku, mguu unazama na kutoka bila kesi. Miaka sita ya nafasi ya pili ilikuwa kinamasini humu, ikivutwa na viatu vyake mwenyewe.

Mtoni maji yaliwaosha hadi kifuani, wakatoka ng'ambo wamepauka kwa baridi, safi kama sahani. Kituo cha tatu kilikuwa palepale. Kadi zikatobolewa, na shemeji akaketi kuvaa viatu. Fundi alisimama juu yake akifikiri upesi kuliko alivyozoea. Shemeji akifika, sanduku linafunguliwa. Barua inasomwa. Mishono inatazamwa na kukutwa safi. Shemeji ananyang'anywa ushindi mbele ya uwanja mzima, na mbele ya uwanja huo amesimama mpiga pasi wa hospitali mwenye taulo. Njia ilikuwa moja tu: kumfikia katibu kabla ya shemeji, na kuiomba barua ile.

Akaondoka peku, viatu vikimpiga kifuani.

"Unakimbilia wapi na kokoto hizi?" shemeji aliita. Bado alikuwa anahangaika na kamba.

Fundi aliongeza mwendo. Kokoto zilimla nyayo kilomita nane zote. Goti lilitoa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewaza siku atakayoongoza barabara hii, na leo aliiongoza akiwaza bahasha. Kwamba mtu anayefika kabla ya wote ndiye mshindi ni jambo ambalo halikumjia hata kidogo, mpaka utepe ulipomkatikia kifuani na watu wakanyamaza. Walikuwa wameshaanza kupiga makofi kwa jina la mwingine.

"Barua," alimwambia katibu. Pumzi haikutoa neno la pili.

"Subira, bwana. Utaratibu ni utaratibu," alisema katibu, na kutia ufunguo sandukuni.

Bahasha ilikuwa moja. Katibu alipambana nayo, akaishinda kwa meno, akanusa vidole vyake na kukunja uso kidogo. Kisha akasoma kwa sauti ya darasani kwamba mshindi wa mbio hizi hapiti kinamasini, na kwamba mishono itazamwe. Macho ya uwanja yakashuka hadi kwenye viatu vilivyoning'inia shingoni mwa mshindi. Katibu akavichukua, akapitisha ukucha mshononi, akauonyesha. Ulikuwa safi.

Kukazuka minong'ono. Mtu mmoja alisema alishangaa tangu mwanzo, Wa Pili anatangulia vipi. Mke wa fundi alikuwa amekuja mbele na taulo. Hakumtazama mumewe. Aliitazama ile karatasi mkononi mwa katibu, kwa utulivu, kama anavyotazama shuka lenye doa.

Shemeji akaingia uwanjani dakika mbili baadaye, na katibu akamsomea barua kabla hajavuta pumzi. Kisha akamuuliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyefuata: huyu alipita kinamasini au hakupita? Shemeji aliomba aione karatasi. Aliisoma polepole, akaileta puani, ikamnukia gundi. Akavitazama viatu vya fundi mikononi mwa katibu, kisha viatu vyake mwenyewe miguuni, navyo safi mshononi. Fundi aliona hesabu ikifanyika kichwani mle, mwaka baada ya mwaka, hadi sita.

"Alipita," alisema. "Tulivua viatu pamoja. Fundi wetu anakataza kuvitia tope."

"Fundi gani?"

"Huyu."

Watu wakacheka. Katibu akauliza basi ni nani aliyeandika, na alimkusudia nani. Shemeji akasema aliyekusudiwa ameandikwa hapo, ni mshindi. Fundi angeweza kuyaacha yaishie hapo. Lakini mkewe alikuwa amemgeukia, na mwandiko ule ulikuwa uleule wa vikaratasi vya majina anavyotumbukiza fundi kwenye viatu vya wateja.

"Niliandika mimi," alisema fundi.

Katibu akapekua kitabu cha sheria mbele na nyuma. Hakukuta kifungu kinachohusu mshindi anayejishtaki mwenyewe. Akampa kikombe.

Mkewe alimpa kaka yake taulo kwanza, kama kila mwaka. Kisha akampa mumewe lilelile, limelowa. Hakuhamia kwa kaka yake. Alisema ataamua, na kwa wiki nzima alimpikia na kumwekea chakula mezani bila kumkaribisha.

Siku ya nane shemeji alikuja kibandani na viatu. Ndani ya kimoja alikuwa ametumbukiza kikaratasi, kama afanyavyo fundi mwenyewe, kimeandikwa *Wa Pili*. Fundi alicheka kidogo, kwa adabu. Alitaka kuomba radhi, na kwa kiasi fulani aliomba, macho yakiwa kwenye soli. Shemeji akasema yameisha.

"Ila maelekezo ya mwaka huu niandikie barua," alisema akiondoka. "Kuandika unaweza."

Fundi alibaki na viatu mapajani. Kamba zake zilikuwa bado zimefungwa kwa fundo la wapima ardhi, lile wanalofungia alama zao porini kwenye upepo: mkunjo mmoja, mvuto mmoja, basi. Hata mtu mwenye vidole vilivyoganda hulifunga kabla hujamaliza kupiga chafya. Akamkumbuka shemeji kando ya mto, ameketi, akihangaika na kamba wakati yeye anaondoka. Akamkumbuka pia mkewe, ambaye wiki moja kabla ya mbio alikwenda kwa kaka yake jioni mbili mfululizo, na ambaye habari za goti alikuwa nazo.

Jioni aliuliza, kama mtu anayepitisha muda, kama kaka yake ana matatizo ya vidole.

Pasi ikawekwa wima.

"Baba Mapacha," alisema mkewe, "kikombe kiko kabatini. Kakitazame, kisha ulale."

Alikwenda akakitazama. Kilikuwa kikombe. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kibanda kwa wateja, alizichomoa zile kamba taratibu, fundo likiwa zima, akatafuta kopo tupu la sita.